Mjue buibui wa miguu mirefu, kuanzia darini hadi msitu wa Ngangao

Kila nyumba ya pwani ina mpangaji asiyelipa kodi. Anakaa pembeni mwa dari, nyuma ya kabati la vyombo, chini ya ngazi, kwenye stoo ya mkaa au kwenye choo cha uani. Mwili wake ni mwembamba na mrefu kama punje ya mchele wa biriani, na miguu yake minane ni kama nyuzi za kushonea. Sikukuu ikikaribia au nyumba ikiwa na harusi, ufagio hufungwa kwenye ufito mrefu, na yeye huwa wa kwanza kuhamishwa. Wiki mbili baadaye amesharudi, na utando mpya uko palepale.

Wengi wetu humwita tu buibui wa miguu mirefu. Wazungu humwita buibui wa ghala la chini, kwa sababu nyumba nyingi za kwao zina chumba chini ya ardhi chenye giza na unyevu, na huko ndiko anakojificha. Sisi hatuna desturi ya kujenga vyumba hivyo, kwa hivyo giza na utulivu anavitafuta juu, kati ya boriti za nyumba za mawe au chini ya makuti. (Kwetu neno buibui lina mzigo mwingine tena, maana ndilo jina la vazi jeusi la mama zetu. Leo tunazungumzia mwenye miguu minane.)

Nimeona amstahili makala nzima kwa sababu mbili. Kwanza, kuna maradhi ambayo watu humsingizia, na usingiziaji huo huwachelewesha wagonjwa kufika hospitali. Pili, jamaa zake wa karibu wamepewa majina ya mahali petu, na mmoja wao anabeba jina la msitu ulioko ndani ya kaunti ya pwani, ambao umebaki kipande kidogo.

Kabila, ukoo na mlango

Hadi sasa wataalamu wamezipa majina spishi zaidi ya 50,000 za buibui duniani. Buibui hawa wa miguu mirefu wako katika familia inayoitwa Pholcidae, yenye spishi zaidi ya 1,900. Ukitaka kuelewa mpangilio huo bila kuumiza kichwa, ufikirie kama tunavyopangana wenyewe. Familia ni kama kabila, jenasi ni kama ukoo, na spishi ni kama mlango ndani ya ukoo. Jina la kisayansi huwa na maneno mawili, la kwanza ni la ukoo na la pili ni la mlango.

Ukoo ninaotaka tuujue ni Smeringopus. Ni ukoo wa Kiafrika hasa. Una spishi zaidi ya 50, na takriban zote zinaishi katika bara hili na visiwa vyake, pamoja na Yemen ng'ambo ya Bab el Mandeb. Jina la ukoo lilitolewa mwaka 1890 na Mfaransa Eugène Simon, aliyeishi kati ya 1848 na 1924 na ambaye aliwapa majina maelfu ya buibui kuliko karibu mtu yeyote kabla yake. La kupendeza ni kwamba jina hilo lilitoka katika kazi yake kuhusu buibui na nge wa Yemen. Katika mwaka huohuo ndipo alipoeleza Smeringopus lineiventris, spishi ya huko Yemen. Kwa hivyo jina la ukoo wa Kiafrika liliingia vitabuni kupitia nchi ambayo baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wanaitaja wanapohesabu mababu.

Baada ya Simon walikuja wengine. Otto Kraus, Mjerumani, aliupitia ukoo huu mwaka 1957 na kuongeza spishi kadhaa. Kazi kubwa zaidi ilifanywa na Bernhard Huber wa jumba la makumbusho la Alexander Koenig mjini Bonn, aliyechapisha mwaka 2012 mapitio ya ukoo mzima pamoja na makumi ya spishi mpya. Kabla ya hapo, wengi wa buibui hao walikuwa wamekaa miaka mingi ndani ya chupa za spiriti kwenye makumbusho bila jina, au wakiwa na jina la ndugu yao.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Kwa sababu kwa macho ya kawaida wanafanana mno. Wengi wana rangi ya kijivu au hudhurungi, tumbo refu lenye madoa meusi mgongoni, na miguu yenye pete nyeusi kwenye viungo. Mtaalamu hawezi kuwatofautisha mpaka aweke hadubini na kuangalia viungo vya uzazi. Kwa dume ni vile vipapasio viwili vilivyo mbele ya uso, ambavyo huvitumia kumtilia jike mbegu, na kwa jike ni kibao kidogo kilicho chini ya tumbo. Kila spishi ina umbo lake, kama ufunguo na kufuli. Mwenye kukwambia kwa uhakika "huyu ni spishi fulani" kwa kuangalia picha ya simu iliyopigwa kutoka chini ya dari, msikilize kwa heshima lakini usimwandike.

Mpaukaji aliyesafiri dunia nzima

Katika spishi hizo zote, ni moja iliyojulikana sana kwa kuishi na watu, nayo ni Smeringopus pallidus. Pallidus ni Kilatini, maana yake aliyepauka. Mwingereza John Blackwall alimweleza mwaka 1858, wakati huo akimweka katika ukoo mwingine uitwao Pholcus. Asili yake ni Afrika, lakini leo yuko Amerika ya Kati na ya Kusini, Asia ya Kusini Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki. Hakusafiri kwa miguu yake. Alipanda jahazi na meli ndani ya magunia, masanduku na mbao, kama panya na mende walivyopanda. Hakuna nahodha aliyemwandika kwenye orodha ya mizigo.

Hapa kuna kichekesho kidogo cha majina. Ndani ya ukoo huu kuna spishi inayoitwa Smeringopus peregrinus, iliyopewa jina na Mnorwe Embrik Strand mwaka 1906. Peregrinus kwa Kilatini ni mgeni, mtu wa safari. Lakini huyo aliyeitwa msafiri amebaki Afrika Mashariki, na aliyezunguka dunia ni yule aliyeitwa mpaukaji tu. Kuna mwingine wa kusini mwa Afrika aliyepewa na Simon jina la hypocrita, yaani mnafiki. Sijui buibui hufanya nini mpaka aitwe mnafiki, lakini jina limeshaandikwa na litabaki.

Tuseme pia kwamba si kila buibui wa miguu mirefu utakayemwona nyumbani ni Smeringopus. Pallidus ana majirani wa familia hiyohiyo ambao nao wamezoea nyumba za watu katika nchi za joto. Aliye mwepesi kutambulika ni Crossopriza lyoni. Tumbo lake halikuwa la duara wala refu kama bomba. Ukimtazama kwa ubavu utaona lina pembe, limeinuka nyuma kama kisanduku kilichokatwa upande. Mwingine ni Artema atlanta, jitu la familia hii, mwenye tumbo nene la mviringo. Smeringopus ni yule mwenye tumbo refu lililo kama bomba. Kwa matumizi ya nyumbani, tofauti hiyo ya tumbo inatosha.

Anavyoishi

Utando wake si ule wa mviringo wenye mistari kama gurudumu la baiskeli. Huo ni wa buibui wa bustanini. Huyu hutengeneza shuka jembamba lililobinuka kama kuba, likashikwa juu na chini na nyuzi nyingi zisizo na mpangilio wa kuonekana. Yeye mwenyewe huning'inia chini ya shuka hilo, tumbo likiangalia juu. Mchana hutulia. Usiku ndio wakati wake wa kazi.

Porini maskani yake huwa chini ya kingo za mawe, kwenye mashimo ya miti, katikati ya mizizi mikubwa, midomoni mwa mapango na kwenye mashimo yaliyoachwa na wanyama. Ukiziangalia nyumba zetu za mawe za Lamu au Mji wa Kale, utaona kwamba kwa buibui ni mapango mazuri tu yaliyopakwa chokaa. Zidaka, mapengo ya boriti na pembe zenye kivuli, vyote ni vya kumfaa. Hakuvamia nyumba. Sisi ndio tuliomjengea.

Ukimgusa au ukipuliza utando wake, hafanyi kama wengine wanaokimbia. Hujitikisa kwa kasi, mwili ukizunguka au kuruka juu na chini mpaka macho yako yashindwe kumshika. Adui, kwa mfano nyigu anayewinda buibui, hukosa shabaha. Ikishindikana, huacha mguu. Ndiyo maana si ajabu kumkuta mwenye miguu saba au sita akiendelea na maisha yake.

Windo likiingia kwenye nyuzi, yeye hasogei karibu kwa haraka. Miguu ile mirefu ina kazi yake hapo. Husimama mbali, akatumia miguu ya nyuma kumrushia mdudu uzi, akamzungushia mpaka asiweze kutikisika, ndipo anapokaribia na kuuma. Kwa njia hiyo huweza kumshinda hata buibui mwingine mkubwa kuliko yeye, kwa kuwa meno ya mwenzake hayamfikii. Familia hii inajulikana kwa kula buibui wengine.

Jambo ninalolipenda zaidi ni ulezi wa jike. Akishataga hayafichi mayai yake kwenye mfuko mnene kama buibui wengine wengi. Huyafunga kwa nyuzi chache tu, hivi kwamba unaweza kuyaona moja moja kama rundo la ulezi, kisha huyabeba mdomoni. Kwa majuma kadhaa hukaa nayo hivyo. Yakianguliwa, watoto hukaa karibu na mama kwa siku chache, weupe na wadogo kama vumbi lenye miguu, kabla ya kila mmoja kwenda kutafuta pembe yake. Ukimwona buibui darini "amebeba mpira mdomoni", huyo ni mama mwenye mimba nje ya tumbo.

Qur'ani ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la buibui, sura ya 29, Al-Ankabut, na wanafunzi wa madrasa wanajua kwamba nyumba yake imetajwa humo kama mfano wa udhaifu. Mwenye ufagio mkononi hahitaji tafsiri ndefu ya mfano huo.

Mbu na ukweli wake

Je, ana faida? Ndiyo, lakini tusimpambe kupita kiasi. Hula wadudu wadogo wanaoruka ndani ya nyumba, wakiwemo mbu, nzi wadogo na nondo. Yule jirani yake, Crossopriza lyoni, alichunguzwa nchini Thailand na matokeo kuchapishwa mwaka 1997, hasa kwa sababu alionekana akila mbu wanaosambaza homa ya dengue. Kwetu habari hiyo si ya mbali. Lamu ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa chikungunya mwaka 2004, na Mombasa imepata dengue zaidi ya mara moja tangu 2013. Maradhi yote mawili husambazwa na mbu wa mchana, yule mweusi mwenye madoa meupe, anayezaa kwenye mapipa, mitungi na matairi yaliyotupwa.

Hata hivyo buibui hawezi kuchukua nafasi ya kufunika pipa wala ya chandarua. Yeye husubiri kinachomjia, hafukuzi. Wazee wa Lamu waliokuwa wakiweka visamaki ndani ya birika za maji ili vile viluwiluwi vya mbu walifanya kazi kubwa zaidi kuliko buibui mia. Ninachosema ni kwamba kumpulizia dawa ya sumu kwenye chumba anacholala mtoto, ili kumuua kiumbe anayekula mbu wa chumba hichohicho, ni hesabu isiyotoka. Kama utando umekuwa mweusi kwa vumbi na moshi, huo mara nyingi ni mahame, mwenyewe ameshauacha. Uondoe kwa ufagio. Ule ulio safi, wenye mwenyewe ndani, nyuma ya kabati ambako hakuna mgeni anayetazama, unaweza kuuacha.

Sumu, na lile jambo la mkojo

Kuna uvumi uliozunguka dunia kwamba huyu ndiye buibui mwenye sumu kali kuliko wote, ila meno yake ni mafupi mno hayawezi kupenya ngozi ya mtu. Uvumi huo si kweli pande zote mbili. Sumu yake ni dhaifu kwa viumbe kama sisi. Na meno yake yanaweza kupenya: watengenezaji wa kipindi cha runinga cha Marekani kiitwacho MythBusters walijaribu na buibui wa familia hii, na mtangazaji aliyeumwa alisikia mwasho mdogo wa muda mfupi, basi. Huenda uvumi ulizaliwa kwa kuwa watu walimwona akiwaua buibui wenye sumu halisi, wakadhani lazima naye awe na kali zaidi.

Anayestahili tahadhari ni mwingine kabisa. Chini ya viti vya plastiki, kwenye mageti ya chuma na kwenye makopo yaliyoachwa uani, kuna buibui mwenye tumbo la mviringo kama shanga kubwa, wa hudhurungi, mwenye alama ya rangi ya machungwa chini ya tumbo, na mifuko yake ya mayai ina vijiti vidogo vidogo pande zote kama fenesi dogo. Huyo ni Latrodectus geometricus. Akiuma huleta maumivu makali. Usimshike, na watoto wafundishwe kutotia mkono chini ya viti bila kuangalia. Miguu yake si mirefu ya nyuzi, kwa hivyo hakuna sababu ya kumchanganya na wa darini.

Sasa kubwa. Kuna kauli inayosemwa sana katika nyumba zetu, kwamba "nimekojolewa na buibui". Mtu ameamka na ngozi imewaka, kuna malengelenge, panauma kama moto. Jicho linapanda darini, anaonekana huyu mwenye miguu mirefu, kesi imekwisha. Kisha huanza kupakwa majivu, dawa ya meno, maji ya ndimu.

Buibui hamwagii mtu mkojo wa kuchoma. Mara nyingi kinachoitwa hivyo ni kimoja kati ya vitu viwili.

Cha kwanza ni yule mbawakawa mdogo mwembamba, mwekundu kwa mweusi, anayejulikana nchini kwa jina la Nairobi fly ingawa si nzi. Msimu wa mvua hufuata taa usiku. Haumi wala hachomi kwa mwiba. Ubaya uko kwenye maji ya mwili wake, ambayo hutoka ukimponda juu ya ngozi, na ndiyo maana alama yake mara nyingi huwa mstari, kwa kuwa mtu hupangusa shingo yake akiwa usingizini. Akitua juu yako mpulize au umwondoe kwa karatasi, usimfinye. Ukishamponda, osha haraka kwa maji na sabuni, na usipeleke mkono machoni.

Cha pili ni mkanda wa jeshi, nao ndio unaonitia wasiwasi. Huu ni ugonjwa wa virusi vilevile vya tetekuwanga. Aliyewahi kuugua tetekuwanga utotoni hubaki na virusi vimelala mwilini, na kinga inapopungua kwa uzee, maradhi au sababu nyingine, huamka. Alama zake ni maumivu ya kuchoma upande mmoja tu wa mwili, kisha malengelenge yanayojipanga kama mkanda, kiunoni, kifuani, au usoni. Hayavuki katikati ya mwili kwenda upande wa pili. Zipo dawa za hospitali, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Mtu anayepoteza siku nne akipaka majivu kwa kesi ya buibui amepoteza wakati wenyewe, na maumivu ya mishipa yanaweza kumganda kwa miezi. Yakitokea karibu na jicho, usingoje kesho: uoni uko hatarini. Na kwa kijana, mkanda wa jeshi ni sababu ya daktari kuangalia hali ya kinga yake ya mwili, vipimo ambavyo majivu hayavifanyi.

Bibi aliyekwambia ni mkojo wa buibui hakukusudia ubaya. Mpe heshima yake, umbusu mkono, kisha umpeleke mgonjwa zahanati.

Majina ya mahali petu

Turudi kwenye ukoo. Ukisoma orodha ya spishi za Smeringopus unaweza kudhani ni kitabu cha safari za Afrika. Kuna bwindi, mgahinga na mpanga, majina ya misitu ya Uganda. Kuna katanga ya Congo. Kuna harare. Kuna natalensis na madagascariensis. Kwa upande wa pwani ya Waswahili kuna saruanle, jina la mahali ufuoni mwa Somalia, kusini kidogo mwa Kismayu, nchi ambayo Wabajuni wanaijua vizuri. Kwa Kenya kuna turkana na chogoria, hili la pili likiwa la upande wa mashariki wa Mlima Kenya.

Wengine wamepewa majina ya watu. Smeringopus arambourgi, wa mwaka 1936, ni kwa heshima ya Camille Arambourg, Mfaransa wa visukuku aliyeongoza msafara wa bonde la Omo mwaka 1932 na 1933. Smeringopus carli, wa mwaka 1915, ni kwa heshima ya Johann Carl aliyekusanya wadudu Uganda na Tanganyika ya Wajerumani. Na aliyempa jina yule wa Madagascar mwaka 1946 ni Jacques Millot, ambaye wavuvi wangemjua kwa kazi nyingine: ndiye mtaalamu aliyekuja kuchunguza silakanti wa Komoro katika miaka ya 1950, yule samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za kale, na ambaye mwaka 2001 alinaswa pia baharini Malindi. Kumbe mtu wa silakanti alianza na buibui.

Mwenye kupenda Kiswahili atafurahi zaidi akiangalia ukoo jirani wa familia hiyohiyo, uitwao Buitinga, alioueleza Huber mwaka 2003 kutoka misitu ya milimani ya Afrika Mashariki. Jina lenyewe sikio la Mswahili haliwezi kulipita bila kusikia buibui. Ndani yake kuna spishi ziitwazo kadogo na tingatinga za Tanzania, na wataita ya Kenya. Hawa ni wadogo sana, hawaingii nyumbani, na kila mlima huelekea kuwa na wa kwake.

Na kuna Smeringopus ngangao.

Ngangao ni msitu katika milima ya Taita, juu ya Wundanyi, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kaunti ya Taita Taveta ni mojawapo ya zile sita za pwani, ingawa sisi wa ufuoni huisahau mara nyingi tunapotaja pwani. Milima hiyo ndiyo ncha ya kaskazini kabisa ya mnyororo wa milima ya kale unaoteremka hadi Usambara, Uluguru na Udzungwa nchini Tanzania. Misitu yake imekaa mbalimbali kwa muda mrefu, kila mmoja juu ya kilele chake, mawingu yakiunyesha na nyika kavu ikiuzunguka chini. Kiumbe kisichoruka mbali, kama buibui wa milimani, hakina njia ya kuvuka nyika hiyo. Ndivyo spishi zinavyozaliwa mlima kwa mlima, kama visiwa.

Msitu wa asili wa Ngangao uliobaki ni kama hekta 120. Mwenye miguu mizima huuvuka kabla ya adhuhuri. Mwingine, Mbololo, ni mkubwa kidogo, na Chawia ni mdogo zaidi. Vilivyobaki ni vipande vilivyokatwakatwa na mashamba na miti ya kigeni kama mikaratusi na misonobari, iliyopandwa kwa mbao. Watu wa makumbusho na vyuo wamekuwa wakienda huko kwa ajili ya ndege, hasa yule mkesha wa Taita mwenye kifua cheusi na mbavu nyekundu, ambaye yuko hatarini kutoweka duniani. Buibui hana mashabiki wa namna hiyo. Lakini shida ni ileile: akikosa kivuli, unyevu na mizizi ya miti mikubwa, hana dari ya kuhamia kama pallidus. Kati ya ndugu hao wawili, mmoja anaweza kuishi kwenye stoo ya bandari yoyote duniani, na mwingine ameitwa kwa jina la msitu ambao ungeweza kuuzungushia ua.

Miti ya kigeni haimfai hivi hivi tu kwa sababu ni miti. Chini ya mikaratusi ardhi hukauka na majani yake hayajengi ile tabaka nene yenye unyevu. Mradi wa kupanda miti usiouliza ni miti gani unaweza kuonekana wa kijani kwenye picha ya ripoti na bado ukawa jangwa kwa mkaazi wa chini. Watu wa Taita wenyewe wanalijua hili kupitia maji, kwa kuwa misitu ya vilele ndiyo inayolisha chemchemi za mabonde yao.

Ukitaka kumchunguza mwenyewe

Kwa walimu na vijana wenye simu nzuri, buibui hawa ni somo la bei rahisi. Ingia stoo usiku na tochi, subiri macho yazoee, utawaona. Piga picha ya juu, ya ubavu ili umbo la tumbo lionekane, na ya chini ya tumbo ukiweza. Andika tarehe na mahali: mtaa, au jina la msitu ikiwa ni huko. Tovuti ya iNaturalist hupokea picha kama hizo bila malipo, na wataalamu wa nchi mbalimbali huzipitia. Picha ya simu mara nyingi itafikisha kwenye ukoo tu, siyo kwenye spishi, na hiyo inatosha. Wa nyumbani mwachie utando wake, na wa msituni usimtoe msituni.